Kilo Sitini na Moja za Mama Kyalo

Siku ya kuniaga mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, na kijana mmoja wa ofisini akasoma karatasi iliyosema nimetoa huduma iliyotukuka. Hakusema huduma gani. Nilimtazama usoni nikajua hajui. Baadaye alinifuata nje akaniambia, "Mzee Nzioka, si utuandikie kitu kidogo kuhusu zamani, tuweke kwa faili?" Kitu kidogo. Basi nimeandika, na si kidogo, na atakayechoka aache.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Nasema mapema ili mkikuta neno limekaa vibaya msipoteze muda kulicheka. Lakini kusoma mizani, hakuna mtu katika hospitali ile aliyenishinda, wenye digrii wakiwemo. Kabla ya kuja kwenu nilipima kahawa miaka tisa katika kiwanda kimoja cha wakulima upande wa Kangundo. Mkulima analeta gunia, mimi napima, karani anaandika. Mkulima wa kahawa ni Mkristo siku zote isipokuwa mbele ya mizani. Ataloanisha kahawa usiku kucha ili iwe nzito. Ataweka jiwe katikati ya gunia. Ataegemeza goti lake kwenye ubao huku anakuuliza habari za watoto. Nilijifunza kutazama mtu anavyoliweka gunia chini, si gunia lenyewe. Wakulima walipong'oa mikahawa na kiwanda kikafungwa, nilikuja Machakos mjini kutafuta kazi, nikapewa fagio.

Niliwekwa katika kliniki ya ini, chumba cha mwisho kwenye korido. Kulikuwa na friji moja, mizani moja, pazia moja na benchi moja refu la mbao. Mkubwa wangu alikuwa muuguzi aitwaye Sista Wayua, mwanamke mfupi ambaye viatu vyake ulivisikia kabla hujamwona, na ukishavisikia unatafuta kitu cha kufanya. Siku ya kwanza aliniambia nisafishe friji. Nikatoa vichupa vya dawa vyote, nikapangusa, kisha nikafikiri kwa akili zangu kwamba dawa ya thamani hivi inataka baridi kali. Nikaanza kuvipanga juu kabisa, pale pa barafu.

"Unafanya nini?"

"Naviweka pazuri, Sista."

"Toa. Kimoja kimoja. Hii dawa ikiganda ni maji ya kunawa miguu. Mtu atadungwa mwaka mzima afikiri anatibiwa."

Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa akinitazama mpaka nikavirudisha vyote kwenye rafu ya katikati, kisha akanipa daftari na kalamu ya wino, akaniambia kuanzia siku hiyo joto la friji ni langu, asubuhi na jioni. "Na usitumie penseli. Mtu wa penseli ana mpango wa kufuta." Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye fagio. Hakuna barua iliyoandikwa.

Mizani nayo nikaichukua mwenyewe, kwa sababu niliona inavyoteswa. Ilikuwa ile ya zamani ya nguzo, unasukuma kichuma kwenye mkono wake mpaka mkono utulie katikati. Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nilijaza mtungi wa lita ishirini nikaupandisha. Maji lita moja ni kilo moja, Machakos hata Ulaya. Ukijua mtungi mtupu una uzito gani, unajua mizani imeamkaje. Nyinyi siku hizi mna ile ya betri. Betri imekwisha tangu nikiwa kazini, na bado kila mgonjwa ana uzito kwenye faili. Sitauliza mnautoa wapi. Najua mnautoa kwa wiki iliyopita.

Sasa niseme habari ya dawa yenyewe, maana wengi wenu hamkuikuta. Leo mtu mwenye kirusi C cha ini anapewa vidonge vya miezi mitatu, anapona, na bado analalamika kwamba ni vikubwa kumeza. Zamani ilikuwa sindano ya tumboni, intaferoni, kila wiki, wiki arobaini na nane, na vidonge vya kuisindikiza. Jioni ya sindano mgonjwa anashikwa na homa na baridi kama mtu wa malaria. Chakula kinamkataa. Anakonda, ananuna, anagombana na mume, anagombana na kuku. Dawa zililetwa na mradi, zilikuwa za watu wachache, na waliobaki walikuwa kwenye orodha wakisubiri. Kwa hiyo aliyepata nafasi aliing'ang'ania kwa meno.

Na dawa hiyo ilikuwa na jambo moja ambalo sikulijua mimi, na waliolijua walikuwa wamelisahau. Haimuui kirusi yenyewe. Inauchokoza mwili umuue. Ni kama mtu anayefungulia mbwa wake wote wamkimbize mwizi. Mara nyingi wanamkimbiza. Lakini kuna siku mbwa akishapandwa na ukali haulizi tena, anaingia zizini anamshika mbuzi wa mwenye boma. Mbuzi huyo mara nyingi ni tezi ya shingo, hii iliyokaa chini ya koromeo, ambayo kazi yake ni kuuambia mwili uende mbio au polepole.

Wagonjwa wetu walikuwa na tabia moja iliyonitoa jasho. Walikuja Alhamisi bila kula. Mtu ametoka Katangi alfajiri, hana hata chai tumboni, anadungwa, anatapika, anaanguka. Anayemwinua ni mimi, anayepangusa sakafu ni mimi. Niliwaambia kwa upole wiki nyingi, wakasema ndiyo mzee, wakaendelea kuanguka. Basi Alhamisi moja nilisimama mbele ya benchi nikasema hivi: "Sikilizeni. Anayepungua kwenye mizani yangu, sindano yake inakatwa. Nafasi yake inapewa mwingine kwenye orodha. Hiyo ni amri."

Amri ya nani, hakuna aliyeuliza. Ilikuwa yangu. Daktari hakuwahi kusema hivyo, Sista Wayua hakuwahi kusema hivyo, na siku hiyo hakuwa karibu kunisikia. Nilichosema mimi kilikuwa na nguvu kwa sababu ndimi niliyeshika mizani. Na kilifanya kazi. Alhamisi iliyofuata walikuja na viazi vitamu kwenye karatasi, na uji kwenye chupa, na benchi zima linatafuna kama harusi. Hakuanguka mtu. Nilijiona nimewashinda wataalamu.

Kwenye benchi hilo alikuwapo mama mmoja wa Mitaboni, tukimwita Mama Kyalo, muuza nyanya na maparachichi sokoni. Mama yake mzazi alikufa na maji tumboni, tumbo limejaa kama ngoma, na yeye ndiye aliyemuuguza. Alipoambiwa ana kirusi hichohicho hakulia. Aliuliza orodha iko wapi, na alikuja kuuliza hivyo kila mwezi mpaka jina lake likafika. Siku ya sindano yake ya kwanza alimwambia Sista Wayua, "Dunga tu, Sista. Hata ukinidunga kwa msumari nitamaliza."

Alianza na kilo sitini na mbili. Akashuka kidogo, sitini na moja na nusu, sitini na moja. Hapo akasimama. Wiki ya ishirini sitini na moja. Ya ishirini na moja, sitini na moja. Ya ishirini na mbili, sitini na moja. Na mimi, miaka tisa ya kahawa kichwani, nilifanya nini? Nilimsifu. Nilimsimamisha mbele ya benchi nikasema, "Mwoneni Mama Kyalo. Huyu anakula. Mizani haimsumbui."

Yeye akatazama chini. Nilidhani ni haya.

Siku hizohizo alikuwa anamlalamikia daktari. Mikono inatetemeka. Moyo unapiga mpaka anausikia kwenye mto. Jasho, wakati wengine wote kwenye benchi wamejifunga masweta. Usingizi hakuna. Daktari wetu, Daktari Mumo, alikuwa kijana mwenye bidii, na ini alilijua kama mtu anavyolijua shamba lake, lakini mpaka wa shamba hilo hakuuvuka. Alisikiliza, akafungua faili, akakuta uzito haujabadilika wiki tatu. "Uzito uko sawa," akasema. "Ni sindano tu, mama. Wote wanatetemeka. Vumilia." Namba yangu ndiyo iliyomfunga macho. Kumbukeni hilo mnapojaza faili.

Wiki ya ishirini na tatu alipanda mizani, na nguzo ikatoa mlio. Kidogo tu, kama kijiko kimegonga sufuria. Nikamtazama. Uso umechongoka, mashavu yameingia, mfupa wa bega unaonekana chini ya nguo kama kiango. Nikatazama mizani. Sitini na moja. Ndipo mkulima wa kahawa akanijia akilini na goti lake.

"Mama Kyalo, umebeba nini?"

"Nimebeba mwili wangu, mzee."

"Mwili haulii kama chuma."

"Basi ni mifupa. Si umesema nile?"

Watu wa benchi wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwita Sista Wayua, akampeleka nyuma ya pazia. Wakakaa. Nikasikia kitu kinawekwa mezani, kizito. Kisha kingine. Kisha kingine, na cha nne. Sista alipotoka alikuwa ameshika leso iliyofungwa fundo, na ndani yake mawe ya mizani ya sokoni, yale ya chuma: matatu ya kilo mbili mbili na moja la kilo moja. Mama Kyalo alikuwa amejizungushia kiunoni chini ya gauni. Kilo saba za chuma, kutoka Mitaboni, na moyo unaokimbia.

Nilichomuuliza kwanza naona aibu kukiandika, lakini ndicho nilichouliza. "Na leo sokoni wanapimia nini?"

"Alhamisi siuzi kwa kilo," akasema. "Nauza kwa fungu."

Tukampima upya. Hamsini na nne.

Sista Wayua alimwambia anyooshe mikono mbele, vidole wazi, akalaza juu ya vidole kadi yake ya kliniki. Kadi ilicheza kama jani, ikaanguka. Akamshika mkono akahesabu mapigo huku anatazama saa, akahesabu tena kana kwamba amekosea. Akampapasa shingo. Kisha akaenda kumwita daktari, na viatu vyake siku hiyo vilisikika mpaka lango kuu.

"Daktari, tezi ya huyu ilipimwa lini?"

"Tezi gani?"

Sista alikwenda ukutani, akainua kalenda. Nyuma ya kalenda kulikuwa na karatasi ya maagizo iliyokuja na dawa, imebandikwa vizuri pembe zote nne, na mtu fulani, miaka iliyopita, alipata msumari hapo akaona unafaa kalenda. Iliandikwa damu ya tezi ipimwe kabla ya kuanza sindano, na tena kila baada ya miezi mitatu. Mimi niliisoma polepole kwa darasa langu la nne nikaielewa. Daktari Mumo aliisoma, akasema kipimo hicho hakifanyiki hapa, damu lazima iende Nairobi. Sista akasema, "Kwani Nairobi imehama?" Naye alikuwa anajikasirikia, maana kalenda hiyo alikuwa akiigeuza kila mwezi kwa mkono wake.

Hapo niwaambie ukweli, sikuwa na mtu wa kumpenda katika chumba kile. Nilimkasirikia daktari, nilimkasirikia mwenye msumari, nilimkasirikia mama aliyebeba vyuma. Ilichukua muda kidogo kabla sijafika kwangu.

Daktari alimwambia Mama Kyalo kwamba leo hadungwi. Tezi imeshambuliwa na mwili wake mwenyewe, dawa ndiyo iliyouchochea, na tukiendelea kuchochea, moyo unaweza kushindwa. Atapewa vidonge vya kutuliza moyo, damu itaenda Nairobi, arudi wiki ijayo. Alimweleza vizuri, kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Mama Kyalo hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Ulisema kweli, mzee. Nimepungua, na imekatwa."

Akachukua leso yake na mawe yake, akatoka. Vidonge akaviacha juu ya meza.

Sista Wayua aliniuliza, "Alikuwa na maana gani?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, amri yangu, viazi vitamu, orodha. Alinisikiliza amesimama. Nilitarajia anifukuze. Alichukua pakiti ile ya vidonge akaiweka mkononi mwangu, akasema, "Mimi kalenda ni yangu. Hii ni yako. Nenda."

Jumamosi nikaenda Mitaboni. Nilimkuta kwenye kibanda chake anapanga nyanya, tano chini na moja juu, kama wanavyopanga wote. Ile ya juu ilikuwa inaanguka. Anairudisha, mkono unatetemeka, inaanguka tena. Jirani yake, mama wa ndizi, alikuwa anatazama pembeni ili asionekane anaona.

"Uvoo waku, Mama Kyalo," nikamsalimu kwa Kikamba.

"Ni museo. Umekuja kunipima?"

"Nimeleta dawa ya moyo."

"Peleka kwa yule aliyechukua nafasi yangu."

"Hakuna aliyechukua. Hakuna amri kama hiyo. Niliitunga."

Aliacha nyanya. Nilimweleza pale nimesimama, wateja wanapita wananisukuma. Nikamwambia kwamba kama angekuja na kilo zake za kweli, wiki ya ishirini tungejua, na dawa ya moyo angeianza mapema. Nikamwambia daktari alidanganywa na namba, na namba ilidanganywa na yeye, na yeye alidanganywa na mimi.

"Kwa hivyo nimebeba chuma wiki nne kwa sababu watu walikuwa wanakutapikia sakafu?"

"Ndiyo."

Mama wa ndizi akasema, "Aiyaa," kisha akajifanya anahesabu ndizi.

Mama Kyalo alivuta pumzi, na hata hiyo pumzi ilikuwa fupi. "Mutumia," akaniambia, na neno hilo la heshima la mzee wa Kikamba alilitoa kama anatema mbegu, "hukuniambia mimi peke yangu. Uliwaambia watu wote wa benchi. Na mimi ulinisimamisha nikasifiwa. Sasa unakuja kuninong'onezea sokoni. Nitameza hivi vidonge mpaka Alhamisi. Alhamisi nitakuja nikae mwisho wa benchi. Usiposema mbele yao, hunioni tena, na nikifa na tumbo kama la mama yangu, ujue ulikuwa na siku tano za kufungua mdomo."

Akameza kimoja mbele yangu, kwa maji ya kuoshea nyanya. Nilitaka kumwambia maji hayo ni machafu.

Nimalizie habari ya ugonjwa kwanza, maana najua mtu ataniuliza katikati. Damu ilirudi kutoka Nairobi baada ya siku kumi na moja, na ilikuwa tezi, kama Sista alivyosema. Sindano zilisimamishwa kabisa. Moyo ulitulia kwa vidonge. Baada ya miezi michache tezi ileile iliyokuwa inakimbia ikachoka ikazimika, akaanza kusikia baridi, akanenepa, akawa mzito wa kusema, na hadi leo anameza kidonge kimoja kidogo cha tezi kila asubuhi kabla ya chai na atakimeza maisha yake yote. Kirusi kilibaki. Alingoja miaka, hasira haikumwisha, mpaka hivi vidonge vipya vilipokuja, na alikuwa wa tatu kuvipata hapa kwetu. Kilikwisha kwa miezi mitatu. Yuko hai, anauza nyanya Mitaboni. Mtu yeyote asiwaambie kwamba zile sindano zilikuwa mbaya. Ziliponya wengi. Lakini zilitaka mtu wa kutazama zaidi ya ini, na sisi tulikuwa tumetundika kalenda.

Sasa Alhamisi yenyewe.

Sijui kama mmewahi kusimama mbele ya watu mliowatisha na kuwaambia kitisho kilikuwa cha uongo. Mimi ni mtu niliyezoea kuheshimiwa kwa sababu ya kazi. Sina kingine. Niliamka nikanyoa ndevu kana kwamba naenda kuposa. Nikajaza mtungi, nikapima mizani, ilikuwa sawa, nikapima tena. Watu kumi na wanne wakaketi. Mama Kyalo akaja mwisho, akakaa pembeni kabisa, mikono ameikunja ili isionekane inavyotetemeka.

Nikasimama. Nikasema, "Ile amri ya kukatwa sindano mkipungua, haikutoka kwa daktari. Niliitunga mimi. Ni uongo. Mtu akipungua daktari anataka kujua, ili atafute sababu. Aliyepungua na akaficha anaweza kufa. Ni hayo."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli yenye gurudumu bovu, tukaisikiliza ikapita yote.

Kisha mzee mmoja wa Katangi, ambaye nilimwona kila wiki na koti lake zito nikadhani ni baridi ya sindano, akafungua vifungo polepole. Akatoa mfuko wa ndani pakiti ya chumvi ya kilo moja. Akatoa na ya pili upande mwingine. Akaziweka kwenye benchi kando yake, akalikunja koti magotini. Mama aliyekaa karibu naye akazitazama zile chumvi, akanitazama mimi, akasema, "Mimi sijabeba kitu. Mimi hunywa maji tu pale bombani, mpaka nishindwe kuinama. Na hiyo nayo ni dhambi?"

"Lita ngapi?" nikauliza.

"Mbili. Wiki ukiwa mkali, tatu."

Nilikaa chini. Miaka tisa nikijisifu hakuna mkulima aliyenipita, na benchi zima lilikuwa limenipita kwa miezi. Sista Wayua hakunipa nafasi ya kukaa. Alisema, "Mzee Nzioka, inuka, tuanze upya. Viatu nje, makoti nje, na aliye na maji aende akayatoe." Tukapima wote kumi na wanne. Watano walikuwa wamepungua kuliko faili zao. Daktari Mumo aliandika namba mpya kwa mkono wake, na siku ile alitoa damu ya tezi kwa kila mmoja bila kuambiwa.

Mama Kyalo alipanda wa mwisho. Hakuwa na leso kiunoni. Nikasukuma kichuma nyuma, na nyuma, na nyuma tena. Hamsini na tatu. Nilisoma kwa sauti, kama nilivyozoea kusoma. Yeye akashuka, lakini hakwenda kukaa.

"Sasa panda wewe," akasema.

"Mimi si mgonjwa."

"Panda, mzee."

Nikamtazama Sista Wayua aniokoe. Akageuka akatafuta kitu kwenye droo. Nikavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, na watu kumi na wanne wakaliona. Nikapanda. Mama Kyalo akashika kichuma kwa mkono wake unaotetemeka, akakisukuma kidogo kidogo, akaushika mkono wa mizani kwa kidole ili utulie, akauachia, akausubiri, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, maana ndivyo alivyo. Akasoma kwa sauti iliyofika mwisho wa korido.

"Sabini na nne na nusu."

Akanipa daftari langu na kalamu yangu. Nikauliza niandike wapi. Akasema chini ya namba yake. Nikaandika sabini na nne. Akabaki amesimama pale pale, anatazama karatasi.

"Na ile nusu," akasema.